Unywele Mmoja Juu

Uzi wa gitaa hulegea. Ndiyo tabia yake. Joto likizidi, mtu akiupiga kwa fujo, ukikaa siku mbili bila kuguswa, unashuka, na mafundi wanapata riziki yao hapo. Lakini uzi kujikaza wenyewe, kupanda juu bila mkono wa mtu? Hilo Fundi hakuwahi kulisikia tangu azaliwe, na sikio lake lilikuwa limesikia mengi.

Siku hiyo alifunga karakana saa saba, akaenda nyumbani kula, akarudi saa tisa alasiri. Jua kali, mtaa umelala. Akashusha ukutani gitaa la mwalimu mmoja, alilolityuni asubuhi, alifute vumbi kabla mwenyewe hajalifuata. Akalipiga kidogo tu, kwa mazoea. Uso ukamkunjamana.

Fundi hakutumia kimashine cha kupimia sauti wala simu. Alikuwa mtu wa sikio, na alijisifu kwa hilo mpaka watu wakachoka kumsikiliza. Alipiga uzi wa tano, akaubana wa sita shingoni mwa gitaa, kwenye freti ya tano, akapiga zote mbili pamoja na kusubiri. Sauti mbili zikikaribiana bila kukutana hutetemeka: wau-wau-wau. Ukisogeza kidogo, zinapunguza mwendo: wau… wau… Ukisogeza unywele mmoja tena, kimya. Hapo zimekuwa sauti moja.

Sasa zilikuwa zinatetemeka. Uzi wa tano ulikuwa juu.

"We mwalimu wewe," akasema peke yake, "umepitia dirishani nini?"

Akaushusha. Akageuka kulitundika gitaa, mkono ukagusa la jirani yake ukutani. Nalo uzi wa tano ulikuwa juu. Akagusa la tatu. Akayapitia yote kumi na moja, moja baada ya jingine, na kila moja uzi wa tano ulikuwa umepanda kwa kipimo kilekile, unywele mmoja, si zaidi wala si pungufu. Akakaa kwenye kigoda. Kipimo kile alikijua. Aliwahi kukipima yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, miaka ishirini na mitatu iliyopita, saa tisa alasiri kama hii.

Mkewe akaingia na chupa ya chai. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua.

"Nani anatafuna tangawizi humu ndani?"

"Hakuna mtu."

"Kuna harufu ya tangawizi, Baba Chiriku. Mbichi."

"Nimekwambia hakuna!"

Mama Chiriku akaiweka chupa mezani, akaondoka. Nyumbani kwake tangawizi haikuingia, hata kwenye chai, tangu alipomzika kaka yake.

Sasa niwaambie habari za huyo kaka, maana Fundi hakumwambia mtu, na mimi sina sababu ya kumfichia.

Fundi alikuwa na bendi enzi za ujana wake. Walimwita Solo kwa kuwa ndiye aliyepiga gitaa la solo. Besi alipiga besi. Na mwimbaji waliyempenda watu mpaka wakamchania shati jukwaani aliitwa Filimbi, kwa sababu mechi haianzi mpaka filimbi ilie, na ile bendi haikuanza mpaka yeye atoe sauti. Kabla ya kila onyesho alitema tangawizi aliyokuwa akiitafuna kwa ajili ya koo, akafumba macho, akafanya "mmmm." Ilikuwa sauti ya uzi wa tano, haijawahi kukosea, awe mgonjwa awe mzima. Solo alityuni kwake, wengine wakatyuni kwa Solo. Hawakuwa na kinanda wala kimashine cha kuhakikishia. Walikuwa wanatamba: sisi kipimo chetu kinakula na kulala.

Kwao Filimbi walisema ana mwenziwe. Ukoo mzima ulijua kuwa jini moja limekaa sikioni mwake tangu utotoni, jini pole lisilodhuru, na kwamba ndilo linalompa ile sauti. Solo alicheka. Alikuwa mchumba wa dada yake Filimbi, akaambiwa habari hizo kama mtu wa nyumbani, akacheka.

Lakini alikuwa na kijicho. Jamani, kijicho ni kitu kibaya. Nyimbo alitunga yeye, makofi akapigiwa shemeji yake. Siku walipokwenda studio kurekodi, Filimbi akatoa "mmmm" yake, akatoka nje kunywa maji. Solo akatyuni. Kisha, watu wakiwa wanaangalia waya na vipaza sauti, akaukaza uzi wa tano unywele mmoja juu, akazityuni na nyingine zote kwa huo, na wenzake wakatyuni kwa gitaa lake kama siku zote. Filimbi aliporudi akaimba pale pale palipo sahihi. Mtu wa mitambo akasimamisha kanda.

"Mwimbaji uko chini."

"Magitaa yako juu," Filimbi akasema.

Wakapima. Magitaa yote yalikubaliana, yangeachaje kukubaliana? Wakarudia mara sita, na mara ya sita Solo akatikisa kichwa kwa huruma, akamshika bega, akasema, "Shemeji, pole. Sikio lako limekufa."

Alitaka kumwaibisha siku moja tu, ndivyo alivyojiambia. Lakini Filimbi aliamini. Mtu aliyekuwa hajawahi kulitilia shaka sikio lake hakujua namna ya kuishi nalo sasa. Akaacha kuimba. Ukimwita, hageuki mpaka umguse, akidhani anasikia visivyokuwepo. Miezi minane baadaye alikuwa akitembea kando ya barabara, lori likakatika breki nyuma yake. Honi ililia, watu walipiga kelele. Wote walioona walisema jambo moja: alitikisa kichwa kama mtu anayekataa kudanganywa, akaendelea kutembea.

Mwaka uliofuata Solo akamwoa dada yake, akamfuta machozi kwa mkono uleule.

Haya, turudi kwenye karakana.

Fundi alizishusha nyuzi za magitaa yote kumi na moja, hakumwambia mtu. Kesho yake saa tisa yalikuwa juu tena. Na keshokutwa. Harufu ya tangawizi ikazidi mpaka wateja wakauliza kama ameanza kuuza viungo. Akacheka nao, jasho likimtoka.

Siku ya nne jambo hilo likafika nyumbani. Chiriku, binti yake wa pekee, miaka ishirini, alikuwa sebuleni na gitaa lake, simu imesimamishwa kwenye kikombe. Alikuwa na sikio la mjomba wake, kila mtu alisema hivyo, lakini alipenda kumchokoza baba yake kwa kutumia simu.

"Baba, hii simu imeharibika," akasema. "Inaonyesha kijani, inasema sawa. Mimi nasikia siyo."

"Nilikwambia hivyo vitu ni takataka. Leta."

Fundi akalipiga. Lilikuwa sawa kabisa.

"Liko sawa, mwanangu."

"Haliko sawa." Akainua uso, na macho yake yalikuwa na maji. "Mnanidanganya nyote wawili. Sikiliza." Akafumba macho, akafanya "mmmm."

Haikuwa sauti ya msichana. Jikoni sahani ikaanguka. Mama Chiriku akatoka akiwa ameshika mdomo, akamtazama mwanawe, kisha mumewe, kisha tena mwanawe.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?" akanong'ona.

"Sauti gani, mama?"

Kuanzia hapo mtoto akaanza kupotea mbele ya macho yao. Ulimwita, hakugeuka. Aliitika pasipoitwa. Alisimama na sufuria jikoni akiuliza, "Maji yanachemka kweli au ni mimi tu?" na maji yanamwagika motoni. Aliacha kuimba, yeye aliyeitwa Chiriku kwa kuwa hakuweza kunyamaza tangu akiwa na meno mawili. Siku ya tisa akamlalia mama yake mapajani, akasema, "Mama, nadhani sikio langu limekufa."

Mama Chiriku akamfuata mumewe chumbani, akafunga mlango.

"Ni maneno ya kaka yangu yale," akasema kwa sauti ya chini. "Nani kamfundisha? Mimi sijawahi kumwambia."

"Mtoto kachoka tu. Apumzike."

"Baba Chiriku. Kuna kitu unakijua?"

Na yule mwanamume, mwanawe wa pekee akiyeyuka chumba cha pili, akasema, "Nitajua nini mimi?" Nawaambia, kuna watu wana moyo wa jiwe la kusagia.

Kesho yake Chiriku aliondoka nyumbani kumpelekea baba yake chakula. Mkabala na karakana kulikuwa na duka la matairi la Besi, yule Besi wa bendi, sasa mzee wa kitambi. Fundi alikuwa mlangoni, anamwona mwanawe anakuja kando ya barabara na bakuli mkononi, na nyuma yake anaona lori la mchanga linakuja limeegemea upande mmoja, na honi inalia, inalia, mpaka madirisha yanatetemeka, na mtoto yuko mwendo uleule wa taratibu, na Fundi anafungua mdomo kupiga kelele na kelele haitoki, kwa sababu ameona mwanawe akitikisa kichwa, polepole, kama mtu anayekataa kudanganywa. Besi ndiye aliyeruka. Na kitambi chake chote aliruka, akamvuta msichana kwa nguo, wakaanguka wote kwenye rundo la matairi, lori likapita na bakuli.

"Limepiga honi mara nne!" Besi akafoka, anahema. "Una nini wewe mtoto?"

"Niliisikia, baba mkubwa," Chiriku akasema. "Nikadhani ni uongo."

Besi akainua macho, akamtazama Fundi ng'ambo ya barabara. Akamtazama muda mrefu.

Jioni hiyohiyo Mama Chiriku akaenda kumwita shangazi yake. Shangazi alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mwembamba anayenuka sabuni, na ndiye aliyewalea yeye na Filimbi. Katika ukoo wao ndiye aliyejua kusema na hayo mambo. Hakuja na vibuyu. Alikuja na mkoba wake wa kazini, akamshika Chiriku mapigo ya moyo, akamwangalia ndani ya masikio kwa tochi, akaizima haraka.

"Kumbe ulikuwa hapa," akasema taratibu, si kwa Chiriku. Kisha akawaambia wengine: "Kesho saa tisa, karakana. Aje na huyo mwenye matairi. Huyu mgeni ana jambo lake, anataka mashahidi."

Saa tisa walikuwa watano ndani, mlango umefungwa, jua likipenya kwenye nyufa za mbao. Chiriku alikaliswa kwenye kigoda cha baba yake. Shangazi akapiga magoti mbele yake.

"Tunakusalimu, mwenzetu. Umekuja kwa amani?"

Chiriku akafumba macho. Harufu ya tangawizi ikajaa mpaka Besi akakohoa. Kisha mdomo wa msichana ukafunguka, na sauti ikatoka bila haraka, nzito, ya mtu mzima.

"Nilikuwa na nyumba. Nimekaa humo miaka thelathini na moja, sikumdhuru mtu. Nikaambiwa nyumba imekufa. Mwenye nyumba akaamini, akanifungia mlango nikiwa ndani, nikipiga kelele *lori, lori,* na yeye ananikatalia. Nimezunguka miaka ishirini na miwili bila pa kulala. Nimeona sikio linalofanana. Nimeingia."

Mama Chiriku akaanza kulia. "Kaka yangu…"

"Mimi si kaka yako. Mimi ni mpangaji wake. Muulizeni huyo aliyesimama karibu na mlango ni nani aliyeivunja nyumba. Asipojibu, hii nayo nitaivunja."

Wote wakageuka. Fundi akalamba midomo.

"Ni kweli," akasema, "siku ile studio nilipaswa kumtetea shemeji. Sikumtetea. Nilikuwa kijana, najuta…"

Magitaa yakaanza. Hakuna aliyeyagusa. Kumi na moja ukutani, uzi wa tano wa kila moja ukalia pamoja na wa sita, wau-wau-wau, mwanzo polepole kisha kwa kasi, na vigingi vya kukazia nyuzi vikawa vinajizungusha vyenyewe vikilia kama panya, na sauti ikapanda, na damu ikaanza kutoka sikio la kushoto la Chiriku, uzi mwembamba mwekundu ukishuka shingoni mpaka kwenye kola, na Mama Chiriku anapiga yowe ambalo halisikiki katikati ya kelele ile, na uzi mmoja ukakatika, ukaruka kutoka ukutani, ukamchapa Fundi shavuni mpaka nyama ikaonekana.

"Nilikaza uzi!" Fundi akalia, akaanguka magotini. "Nilikaza mimi! Alitupa sauti sahihi, nikakaza unywele mmoja juu, nikawapa wenzangu uongo! Filimbi hakukosea! Sikio lake lilikuwa zima, lilikuwa zima mpaka siku aliyokufa! Mwachie mwanangu!"

Kimya.

Besi alikuwa ameegemea ukuta. "Nilihisi," akasema kwa sauti ndogo. "Siku ile nilihisi gitaa liko juu. Nikasema, ah, Solo hawezi."

Mama Chiriku akarudi hatua moja nyuma. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu asiyemfahamu.

"Shusha," ile sauti ikasema. "Ulipokaza, shusha. Nitakupa."

Na Chiriku akafanya "mmmm." Fundi akashusha gitaa moja ukutani.  Akapiga uzi wa tano. Wau-wau-wau. Akakizungusha kigingi. Wau… wau… Machozi na damu vinamdondokea juu ya gitaa. Akashusha tena, kidogo sana, kipimo kilekile.

Sauti mbili zikawa moja.

Chiriku akashusha pumzi, akaanguka mikononi mwa Shangazi. Alipofungua macho akasema, "Mama, nani anapiga honi huko nje?" Na kweli nje kulikuwa na teksi inapiga honi. Mama yake akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja.

Shangazi akachukua tochi, akamwangalia sikio la kulia, la kushoto. Safi. Akatazama kona za chumba, akanusa. Tangawizi bado ilikuwepo.

"Limetoka kwa mtoto," akasema. "Sijui limekwenda wapi."

Fundi alijua. Alikuwa bado amepiga magoti, gitaa mapajani, na ndani kabisa ya sikio lake kitu kilikuwa kinajikunja, kinajitengenezea mahali pa kulala.

Mama Chiriku aliondoka jioni ile. Hakugombana naye. Aliitoa picha ya kaka yake ukutani, akaifunga kwenye shuka, akaenda kwa shangazi yake, na hakumpa mkono wa kwaheri. Chiriku alimfuata, ila kila mchana alimletea baba yake chakula. Alikuwa ameanza kuimba tena.

Karakana ikafa. Fundi alityuni gitaa, akasikia limetulia kabisa, mteja akalipiga na kusema, "Mzee, mbona liko chini?" Alipotyuni mpaka mteja akaridhika, yeye alisikia wau-wau-wau inayomuuma meno. Akanunua simu, akawa anaangalia kijani. Simu ilisema sawa, sikio likasema siyo, na hakuamini hata kimoja.

Halafu zikaja honi. Akitembea kando ya barabara, honi ya lori inalia nyuma yake, karibu kabisa, anaruka mtaroni, anageuka: barabara tupu. Hatua kumi mbele, honi tena. Anageuka: mwanamke na ndoo. Akawa anatembea shingo imepinda, watoto wakamwita Nyuma-Nyuma. Miezi saba mfululizo. Akawa amekonda, hajalala, magoti yamechubuka kwa kuruka mitaroni. Na mara nyingine, kwa mbali, katikati ya honi, alisikia sauti ya mwanawe: "Baba!" Akigeuka, hakuna mwanawe.

Mwezi wa nane, saa tisa alasiri, Chiriku alitokea kwenye kona na bakuli la chakula, akamwona baba yake mbele yake anatembea kando ya barabara kuelekea karakana. Akaona na kile kilichokuwa kinashuka mlimani nyuma ya baba yake. Akatupa bakuli, akakimbia.

"Baba! Baba, toka! Baba!"

Honi ikalia, ndefu, bila kukatika. Besi akatoka dukani anapunga mikono. Fundi akainua uso kidogo, akanusa kama mtu aliyepata harufu ya kitu. Alikuwa amechoka kugeuka.

Akatikisa kichwa, akaendelea kutembea.